Sura ya Nne: Moyo Unaosomwa Ngozini

Katika nyanda za chini kati ya Voi na Mwatate, kabla ya kisima kuchimbwa, ardhi hupimwa kwa nyundo, nyaya na betri. Mpimaji hupigilia fimbo nne za chuma kwenye mstari mmoja. Mbili za nje hupitisha umeme ardhini, mbili za ndani husoma volti. Akishaandika namba yake huzisogeza zile za nje zikaachana zaidi, akasoma tena, maana kadiri zinavyoachana ndivyo umeme unavyozama. Mwamba mkavu huukataa umeme. Mwamba uliopasuka na kujaa maji huupitisha, na maji yakiwa ya chumvi huupitisha zaidi. Jioni mpimaji ana safu ya namba na mchoro mmoja uliopinda, na kwa mchoro huo mwenye shamba ataamua kama atoe pesa za kuchimba au azifungie.

Aliyewahi kulipia kisima kikatoka kikavu hana haja ya kuambiwa kwamba mchoro ule huweza kupotosha. Mara nyingi kosa halitoki kwa mpimaji wala kwa mashine. Tabaka jembamba linalopitisha umeme sana na tabaka nene linalopitisha kiasi huchora mpindo unaokaribia kuwa uleule. Ukiwa juu ya ardhi huwezi kuyatofautisha kwa namba peke yake. Mpimaji mzuri huuliza kwanza: kisima cha jirani kilipata maji mita ngapi? Mwamba gani ulionekana ukichomoza kule kwenye korongo? Majibu hayo ndiyo humwezesha kuchagua tafsiri moja kati ya nyingi zinazokubaliana na namba zake.

Nimeanzia ardhini kwa sababu hesabu ya mpimaji wa maji na hesabu ya daktari anayetaka kuujua umeme wa moyo bila kuingiza kitu mwilini ni ndugu wa damu. Zote zinategemea mlinganyo uliopewa jina la Mfaransa Pierre-Simon Laplace, unaoeleza jinsi volti inavyosambaa ndani ya kitu kinachopitisha umeme. Tofauti yao ni kwamba mpimaji huja na betri, na moyo umezaliwa na yake.

Betri hiyo ni kifundo kidogo kilichoko juu, upande wa kulia wa moyo. Kilitambuliwa mwaka 1907 huko Uingereza na Arthur Keith pamoja na Martin Flack, aliyekuwa bado mwanafunzi, na moyo waliokuwa wakiuchunguza ulikuwa wa fuko. Kutoka kwenye kifundo hicho wimbi la umeme husambaa katika vyumba vya juu, likafika kwenye lango la katikati na kucheleweshwa hapo kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde ili vyumba vya juu vimalize kumimina damu. Kisha hushuka kwa kasi kupitia nyuzi maalumu, mita 2 hadi 4 kwa sekunde, na kuingia katika misuli ya vyumba vya chini, ambako mwendo hupungua hadi chini ya mita 1 kwa sekunde. Hayo yote hurudiwa mara kama 100,000 kila siku.

Katika kila seli volti hupanda na kushuka kwa kiasi cha milivolti 100. Kinachofika kwenye ngozi ya kifua ni kama milivolti 1. Mapafu yaliyojaa hewa, mafuta na mifupa yameuzuia umeme huo njiani, damu imeupitisha kwa urahisi, na mawimbi ya maelfu kwa maelfu ya seli yamechanganyika yakawa mstari mmoja wa wino.

Wa kwanza kuuchora mstari huo kutoka kwa binadamu bila kumpasua alikuwa Augustus Waller, London, mwaka 1887. Aliyeufanya usomeke ni Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi. Mashine yake ya mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa na uzito wa karibu kilo 270 na ilihitaji watu watano kuiendesha. Mgonjwa alitumbukiza mikono miwili na mguu mmoja katika ndoo za maji ya chumvi. Kwa kuwa mashine haikubebeka na wagonjwa walikuwa hospitalini, mwaka 1905 Einthoven aliunganisha waya wa simu kutoka hospitalini hadi maabara yake, umbali wa kilomita 1.5, akasoma mioyo ya watu waliokuwa mtaa wa pili. Kwa hiyo daktari aliyeko Voi anapotuma mchoro wa aina hiyo, yaani ECG, kwa simu hadi Mombasa au Nairobi ili mwenzake aitazame, anafanya jambo lenye umri wa zaidi ya miaka mia. Einthoven alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924.

ECG ya leo huwekewa elektrodi kumi na kutoa mitazamo kumi na miwili ya moyo uleule. Tazama anachofanya afisa wa kliniki mwenye uzoefu anapoishika karatasi hiyo. Wimbi fulani limeelekea juu hapa na chini pale. Anasema tatizo liko ukuta wa mbele, au kuna njia ya ziada ya umeme upande wa kushoto. Hajauona moyo. Ameanza na kilichofika kwenye ngozi akarudi nyuma hadi kwenye chanzo, kwa kumbukumbu ya karatasi nyingi alizowahi kuziona. Kurudi nyuma huko wanahisabati hukuita hesabu ya kinyume, na ndiyo kazi ambayo kompyuta imepewa kuifanya kwa undani zaidi.

Undani huo unahitajika pale moyo unapopoteza mpangilio wake. Kuna watu wanaozaliwa na uzi wa ziada unaoruka lango la katikati, hali iliyoelezwa mwaka 1930 na Wolff, Parkinson na White. Kuna waliopata shambulio la moyo wakabaki na kovu, na wimbi likawa linazunguka kovu hilo bila kukoma. Wapo pia wale ambao vyumba vyao vya juu vinatetemeka badala ya kupiga. Afrika Mashariki hao wa mwisho mara nyingi walianza na koo bovu utotoni: homa ya baridi yabisi ikaharibu valvu, valvu ikabana, chumba cha juu kushoto kikatanuka, na chumba kilichotanuka hakishiki tena mpangilio.

Tiba inayomaliza mengi ya matatizo haya ni kuunguza kile kipande kidogo kinachosababisha fujo. Lakini kwanza kipatikane. Kwa kawaida daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi ndani ya moyo, akagusa ukuta nukta baada ya nukta huku kompyuta ikikusanya usomaji wa kila nukta na kuchora. Ni kazi ya saa kadhaa, yenye vifaa vya gharama na madaktari wachache. Nairobi, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ni miongoni mwa sehemu chache za ukanda huu zinazoifanya. Dar es Salaam iko Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Mtu wa Voi ana zaidi ya kilomita 300 kufika Nairobi. Wa Taveta ana zaidi ya 100 nyingine kabla ya hapo, na ukitazama ramani utaona kwamba Moshi na hospitali yake ya KCMC iko karibu naye kuliko Voi, ila katikati kuna mpaka.

Je, haiwezekani kupata ramani hiyo bila kuingia? Kwa hesabu, jibu la kwanza lilikuwa la kukatisha tamaa, na lilitolewa mapema sana. Mwaka 1853 Mjerumani Hermann von Helmholtz alionyesha kwamba vyanzo vya umeme vilivyo ndani ya kitu haviwezi kujulikana kwa hakika kutokana na vipimo vya juu yake, hata vipimo viwe vingi na sahihi namna gani. Mipangilio tofauti ya ndani hutoa usomaji uleule nje. ECG haijazaliwa, na tayari mpaka wake ulikuwa umechorwa.

Njia ya kuukwepa mpaka huo ni kubadilisha swali. Badala ya kuuliza vyanzo viko wapi popote ndani ya kifua, uliza volti ikoje kwenye uso wa nje wa moyo tu. Swali hilo lina jibu moja. Sasa tunahitaji kujua uso huo uko wapi, kwa hiyo mgonjwa hupigwa picha za CT akiwa amevaa elektrodi zaidi ya 200 zilizotandazwa kifuani na mgongoni. Kompyuta huugeuza moyo na kiwiliwili kuwa nyavu za pembetatu ndogondogo, kisha hupiga hesabu rahisi kwanza, ile ya kwenda mbele: nukta hii ya moyo ikiwa na volti 1 na nyingine zote zikiwa sifuri, kila elektrodi ngozini ingesoma nini? Ikirudia hivyo kwa kila nukta inapata jedwali kubwa la namba. Kilichobaki ni kuligeuza jedwali lisomeke kinyumenyume.

Hapo ndipo shida ya pili ilipolala, na inafaa kuikagua kwa kalamu. Chukua namba mbili usizozijua. Umeambiwa kwamba zikijumlishwa zinatoa 10, na kwamba ya kwanza ikijumlishwa na ya pili iliyozidishwa kwa 1.01 inatoa 10.05. Jibu ni 5 na 5. Sasa sema kipimo cha pili kilikosewa kidogo tu, kikasomeka 10.06. Jibu linakuwa 4 na 6. Kikisomeka 10.10, jibu ni 0 na 10. Kosa lisilofika hata nusu ya asilimia moja limeifuta kabisa namba ya kwanza. Jedwali la moyo lina tabia hiyohiyo, ila lina mamia ya namba zisizojulikana, na kwa kila mgonjwa kuna misuli inayotetemeka, pumzi inayokipandisha kifua, jasho chini ya elektrodi. Ukiligeuza bila tahadhari, ramani inayotoka ni vurugu tupu: volti elfu hapa, hasi elfu sentimita moja kando yake.

Dawa ya vurugu hiyo ilitoka Moscow, kwa watu ambao hawakuwa na habari na kifua cha mtu yeyote. Mwaka 1963 Andrey Tikhonov alieleza utaratibu wa kuibana hesabu ya aina hii: usitafute jibu linalolingana na vipimo kikamilifu, kwa maana vipimo vyenyewe vina makosa, tafuta linalolingana navyo vya kutosha na ambalo halina misukosuko ya ajabu. Kiasi cha kubana huchaguliwa na mtu. Ukibana mno, ramani inakuwa laini kupita kiasi na vyanzo viwili vilivyo karibu vinaungana kuwa kimoja. Ukilegeza mno, vurugu inarudi. Wataalamu wa kutafuta mafuta na maji ardhini hutumia ubanaji wa jamii hiyohiyo, na wao pia hubishana kuhusu ukali wake.

Mtu aliyeifikisha hesabu hii kitandani kwa mgonjwa ni Yoram Rudy, aliyeifanyia kazi kwa miaka mingi huko Cleveland, Marekani, kabla ya kuhamia St. Louis. Kabla ya kuijaribu kwa watu ilibidi kujua kama inasema kweli. Akishirikiana na Bruno Taccardi, Mwitaliano aliyekuwa amechora ramani za volti za kifua kizima tangu miaka ya 1960, alitumia moyo wa mbwa uliotundikwa ukiwa hai ndani ya tangi lenye umbo la kiwiliwili cha binadamu, likiwa limejazwa majimaji yanayopitisha umeme. Vipimo vilichukuliwa kwenye kuta za tangi na kuuzunguka moyo wenyewe kwa pamoja. Hesabu ilipewa namba za ukutani peke yake, kisha majibu yake yakalinganishwa na yale yaliyopimwa moyoni. Matokeo ya mwaka 1997 yalikuwa mazuri kiasi cha kutia moyo, na mwaka 2004 kundi la Rudy lilichapisha ramani za binadamu katika jarida la Nature Medicine. Kampuni iliyozaliwa na kazi hiyo, CardioInsight, ilitengeneza fulana yenye elektrodi 252, na mwaka 2015 ikanunuliwa na kampuni ya Medtronic.

Lililofuata huko St. Louis mwaka 2017 ndilo linalonifanya niichukulie fani hii kwa uzito. Phillip Cuculich na Clifford Robinson walikuwa na wagonjwa watano ambao vyumba vyao vya chini viliingia katika mbio za hatari tena na tena, na tiba za kawaida hazikuwa zimefua dafu. Waliutafuta mzunguko wa umeme kwa fulana na kompyuta, wakaupiga kwa mionzi ileile inayotibu saratani, dozi moja ya gray (Gy) 25, bila mrija kuingia mwilini. Miezi mitatu kabla ya tiba watano hao walikuwa wamepata mbio hizo mara 6,577. Baada ya majuma sita ya mwanzo kupita, katika miezi 46 ukijumlisha ya wote, zilitokea mara 4. Mmoja wao alifariki kwa kiharusi ndani ya majuma yale ya mwanzo. Watano ni wachache mno kwa kujenga hukumu, na moyo uliopigwa mionzi unahitaji kufuatiliwa kwa miaka. Hata hivyo namba zile si za kupuuzwa.

Wala hizi nyingine. Mwaka 2019 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, mji wenye madaktari waliobobea kwelikweli katika kazi hii, walilinganisha ramani za fulana na zile za kugusa moyo moja kwa moja kwa wagonjwa 55. Kwa jumla hazikulingana vizuri. Mahali ambapo wimbi linajitokeza kwanza kwenye uso wa moyo palikosewa, kwa wastani, kwa sentimita kadhaa, na moyo mzima una ukubwa wa ngumi. Pale mawimbi yalipokuwa mapana na ya polepole mambo yalikuwa afadhali. Kwa hiyo aliyeona ramani nzuri yenye rangi nyekundu na buluu kwenye skrini asidhani ameuona moyo. Ramani ile ni kisio lililobanwa na maarifa, na rangi zake hung'aa vilevile hata kisio likiwa baya.

Wachimbaji wa vito wa upande wa Kasigau wangeielewa hoja hii haraka. Tsavorite, kito cha kijani kilichopewa jina la Tsavo, hukaa ndani ya vinundu katika mwamba wenye grafiti. Umeme hauwezi kukuonyesha kito. Unaweza kukuonyesha grafiti, kwa kuwa hiyo huupitisha, na grafiti ndiyo inayokuambia tafuta hapa. Kovu la moyo nalo halitoi umeme. Hujulikana kwa jinsi mawimbi yanavyochelewa na kupinda kulizunguka, na hesabu inayolainisha kupita kiasi hufuta kucheleweshwa huko, kovu likapotea nalo.

Kama kisio linategemea maarifa yaliyoingizwa kabla, inafaa kuuliza yalitoka kwa mwili wa nani. Modeli nyingi za kiwiliwili zilijengwa kutoka kwa mkusanyiko wa Visible Human, uliotolewa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani mwaka 1994: maiti ya mfungwa aliyeuawa kwa hukumu huko Texas, aliyeridhia mwili wake utumike kisayansi, ikagandishwa na kukatwa vipande 1,871 vya unene wa milimita 1. Mwanamume mmoja wa Texas amesimama kwa niaba ya vifua vingi. Na hata kwenye ECG ya kawaida tunajua kwamba watu wenye asili ya Afrika, hasa wanariadha, mara nyingi huwa na mpando fulani wa mstari baada ya pigo ambao kwa vigezo vya Ulaya huonekana kama ugonjwa hali moyo ni mzima. Modeli iliyolishwa mioyo ya huko itafanya kosa hilohilo, na italifanya kwa kujiamini.

Ipo habari njema kidogo. Kundi la watafiti wa Valencia, Hispania, limeunda njia isiyohitaji CT. Umbo la kiwiliwili huchukuliwa kwa kamera ya pande tatu, na mahali moyo ulipo hukadiriwa kwa takwimu za mioyo mingine. CT ni kikwazo kikubwa kwa hospitali ya kaunti, na hicho kikiondoka hubaki fulana, kompyuta ya kawaida na mtu anayejua kubana na kulegeza. Lakini tazama kilichofanyika: kipimo kimeondolewa na kisio jingine limewekwa mahali pake. Takwimu za mioyo zikiwa za Hispania, moyo wa mama aliyeteremka kutoka Wundanyi na chumba cha juu kilichotanuka kwa valvu mbovu hautakuwa pale kompyuta inapodhani uko. Ningependa kuona mioyo ya aina hiyo, iliyopigwa picha Mombasa, Nairobi na Moshi, ikiingizwa katika modeli kabla fulana haijafika kuuzwa.

Kwa sasa, mgonjwa anayeingia Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi mjini Voi akilalamika kwamba moyo unamwenda mbio kisha unatulia wenyewe anahitaji kitu cha chini zaidi na kigumu zaidi kupatikana: ECG iliyopigwa wakati mbio zinaendelea. Akifika umetulia, karatasi huenda isiseme lolote. Na ikibahatika kunaswa, mara nyingi huchapwa kwenye karatasi ya kuchapia kwa joto, ile ya aina ya risiti za dukani, ambayo mchoro wake hufifia ikikaa kwenye joto na mwanga, na Voi havikosekani. Daktari wa Nairobi atakayeiomba baada ya miaka miwili anaweza kuletewa karatasi tupu. Picha ya simu iliyopigwa siku ileile, karatasi ikiwa imenyooshwa juu ya meza na miraba yake ikionekana, inatosha. Kwa mwendo wa kawaida wa mashine, kila mraba mdogo ni sekunde 0.04 kwa upana na milivolti 0.1 kwa urefu, kwa hiyo programu inaweza kuurudisha mstari ule kuwa namba. Mwaka 2024 shindano la kila mwaka la tovuti ya data za tiba ya PhysioNet liliwataka washiriki wafanye hilo hasa: wachukue picha za karatasi za ECG, zilizokunjika na kuchafuka zikiwemo, na kutoa namba ambazo modeli ya moyo inaweza kuzitumia.